Pembe ya Pili

Mwanangu Mwadime,

Umekwenda Sonapur, kule kwenye kambi za wafanyakazi, kuwaaga wenzako na mimi nimebaki hapa shambani na begi lako. Nimelifunga kwa kamba kwa sababu zipu yake siiamini. Jua bado liko juu ya miti, chai iko kwenye chupa, na Gul, dereva wetu, amekwenda kujaza lori la maji, kwa hiyo nina nafasi ya kuandika bila mtu wa kuniuliza naandika nini.

Mambo ya kula, kulala na kwenda kanisani nayaruka. Mama yako anakungoja Voi na hayo anayo ya kutosha. Ya chuo cha mifugo unakokwenda siyajui. Mimi niliishia darasa la saba, nikaenda kulinda mashamba ya mkonge, na kutoka huko nikaja huku Dubai kulinda msitu wa mtu, huyu tajiri wetu tunayemwita arbab. Nataka kuandika juu ya jambo moja ambalo umelisema wiki hii yote, ukikunja nguo, ukila, hata jana ukiwa bafuni huku maji yanamwagika: "Miaka miwili tu, Baba, halafu narudi. Arbab ameshasema nafasi yangu iko." Ni kweli alisema hivyo. Leo asubuhi nilikwenda kuongea naye juu ya nafasi hiyo, na nilichomwomba kinahusu maisha yako kuliko yangu. Nitakuambia. Nikianza na hapo utakasirika na kuacha kusoma, nakujua, kwa hiyo nivumilie nianzie mbali kidogo.

Nianzie kwenye pembe. Umenisikia nikiisimulia habari ile mbele ya Gul, lakini mbele ya Gul huwa naifupisha kwa sababu anacheka mno na mimi naona haya. Nilipofika hapa, msitu huu ulikuwa bado mchanga. Arbab alikuwa amepanda mighafu, ile miti ya jangwani, mikunazi na miarobaini, akatandaza mipira ya maji chini ya kila mti, kisha akaleta wale wanyama wa madoadoa kutoka upande wa India, ambao mimi nawaita kulungu kwa kukosa jina jingine. Niliambiwa nilinde geti, niangalie mipira isipasuke, niwawekee wanyama majani makavu na maji. Hakuna aliyeniambia kwamba madume huangusha pembe. Nadhani kwao lilikuwa jambo la kawaida mno hata hawakufikiria kulisema.

Wewe umekulia Voi, unajua. Kwetu mnyama akiota pembe hufa nazo. Swara, pofu, nyati, hata mbuzi wa nyumbani. Pembe ikionekana chini peke yake, kuna mtu ameua, na anayeulizwa kwanza ni yule aliyekutwa amesimama karibu. Jirani yetu wa upande wa reli alipelekwa jela kwa pembe ambayo alisema ameiokota, na labda kweli aliiokota. Basi asubuhi moja nikakuta dume kubwa limesimama kwenye hori likiwa na pembe upande mmoja tu, na upande wa pili kuna kidonda chekundu. Nikazunguka miti mpaka nikaiona ile pembe iko kando ya uzio, nzima, safi, shina lake limechongoka kidogo. Nikasema mwizi ameingia, nami ndiye mlinzi, na katika nchi hii sijajua hata njia ya kwenda sokoni. Nikachimba shimo chini ya mkunazi nikaizika.

Wiki nzima nilizunguka na rungu nikimtafuta huyo mwizi. Mwizi hakuonekana, lakini pembe ya pili ikaanguka, kisha zikaanguka za dume jingine, na mimi nikaendelea kuchimba kama mfanyakazi wa makaburini. Arbab alikuja Ijumaa, akawatazama madume wake wenye vichwa vitupu, akaniuliza pembe ziko wapi. Nikamwambia sijui. Ijumaa iliyofuata nikamwambia tena sijui. Ilibidi Gul, ambaye wakati huo hata jina langu hakulijua, apitishe lori la maji juu ya shimo moja ambalo sikulichimba vizuri. Pembe ikatoboa tairi. Wakaifukua hiyo, wakaona nyingine, na arbab akaitwa.

Nilisimama pale nikingoja polisi. Arbab alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi ya lori. Kisha akanieleza kwa mikono, maana Kiarabu changu kilikuwa cha salamu tu: zinaanguka, zinaota, zinaanguka tena, Mungu ndiye anayepanga. Sikumwamini. Niliona ni mwungwana tu ananisitiri mbele ya watu. Nilikuja kuamini siku nilipoona mahali pa kile kidonda pameota kitu cha mviringo, kimefunikwa manyoya laini kama shavu la mtoto. Unaweza kucheka. Lakini ujue niliteseka kwa jambo ambalo halikuwa kosa, na kosa pekee lililokuwapo ni uongo niliousema juu yake.

Tangu siku hiyo kuokota pembe kukawa kazi yangu. Umeuona ule ukuta mrefu wa majlisi, chumba cha arbab cha wageni: pembe mbili mbili, kila dume na zake, za mwaka huu chini ya za mwaka jana. Yeye hapokei moja. Ukimpelekea moja huigeuza mkononi, huitazama, halafu hukurudishia na kuuliza ndugu yake yuko wapi. Hapo ndipo kazi inapoanza. Ya kwanza mara nyingi unaiona bila kuitafuta, ipo kwenye hori au penye maji. Ya pili inaweza kuanguka siku ileile, inaweza kuanguka siku nyingi baadaye, na mnyama hakai mahali pamoja akakungoja. Kwa rangi na kwa mkunjo inafanana na tawi kavu la mghafu. Tena majike huitafuna, kuna chumvi fulani wanaipenda humo, kwa hiyo ukichelewa unaokota kipande. Nilizoea kwenda mapema, jua likiwa chini, wakati kila kilicholala ardhini kina kivuli chake. Nilifanya hivyo peke yangu miaka mingi na nilidhani naipenda kazi hiyo kwa utulivu wake.

Halafu ukaja wewe. Nilikuwa nimekuacha ukiwa chekechea. Baada ya hapo tulionana likizo, mwezi mmoja kila baada ya miaka miwili, na mwezi ulikuwa unakwisha ndiyo kwanza umeacha kunionea haya. Arbab alipokubali kukutolea viza baada ya kidato cha nne, nilikwenda kukupokea uwanja wa ndege na nikakutambua kwa paji la uso la mama yako. Ulinipa mkono. Ulikuwa umenipita urefu. Majuma ya kwanza tuliishi chumba kimoja kama abiria wawili waliopangiwa viti pamoja. Kila nikikupakulia ulisema asante, Baba, na kila ukisema asante niliumia, kwa sababu mtoto hamshukuru baba yake kwa kila sahani. Anakula tu na kulalamika chumvi. Sikuwahi kukuambia hilo.

Tulianza kuzungumza msituni. Hukuwa umemaliza mwezi hapa, yule dume Shaiba alipoangusha pembe ya kwanza. Unajua arbab alimpa jina hilo, yaani mzee, kwa sababu ya zile mvi za puani. Nikakuambia twende tukaitafute ya pili. Wewe ulikwenda haraka, mstari kwa mstari, kama mtu anayefyeka nyasi. Mimi nilikwenda polepole na kusimamasimama. "Mzee, kwa mwendo huu tutamaliza Krismasi," ukasema, na ilikuwa mara ya kwanza kunitania. Nikakujibu kwamba wewe hutafuti pembe, unakimbilia basi. Ukacheka. Tulikwenda hivyo, wewe unatazama chini, mimi natazama chini, na bila kubadilisha sauti ukauliza, "Nilipovunjika mguu nikiwa darasa la tano, mbona hukuja?"

Nilikuwa na majibu niliyoyaandaa tangu mwaka ule: tiketi, mkataba, pasipoti iko kwa kafeel, yaani mdhamini. Niliyaacha yote. Nikakuambia ukweli, kwamba sikuomba ruhusa. Niliogopa nikiomba nitaonekana msumbufu na mtu mwingine atapewa kazi. Tukaenda mpaka kwenye uzio, ukasema, "Hapa tumeshapita," tukageuka. Kesho yake ulitangulia kuvaa viatu kabla sijakuamsha.

Na ya pili ile uliiona wewe, unakumbuka. Tulikuwa tumekagua ardhi yote na haipo, kumbe Shaiba alijinyoosha kula kunazi, pembe ikanasa kwenye panda la mti, akaenda zake akaiacha inaning'inia. Ulikuja mbio unaita, "Mzee! Iko juu! Iko juu ya mti!" na ukanishika bega ukanivuta kama mtu anavyomvuta mwenzake. Arbab aliipokea akauliza ilikuwa wapi, nasi wote wawili tukaonyesha dari. Siku hiyo wakati wa chakula hukusema asante. Ulisema wali umeungua.

Hivyo ndivyo tulivyofahamiana. Chumbani tukikaa ana kwa ana maneno hukauka. Msituni, kila mtu akitazama ardhi yake, yanatoka. Ulinieleza kuhusu mtihani wa hesabu, kuhusu yule msichana wa Mwatate aliyekuacha kwa barua fupi, na kwamba shuleni uliwaambia watoto baba yako ni rubani, kwa sababu ulichokijua kunihusu ni kwamba nakuja na kuondoka kwa ndege. Niliicheka hiyo siku nzima, na baadaye, nikiwa peke yangu kwenye pampu, nililia kidogo. Nimeandika hapa kwa sababu kwa mdomo nisingeweza.

Sasa nije kwenye pembe ya msimu wa baridi uliopita. Hiyo hujaisahau, kwa sababu uliiombea msamaha. Shaiba aliangusha ya kushoto kwenye hori, ukaiokota. Ya kulia ikabaki kichwani. Akawa anatembea ameinamisha kichwa upande mmoja, na bado anataka kupigana, mpaka wale madume wawili vijana wakamfukuza kwenye maji. Halafu asubuhi moja tukamwona kichwa kitupu. Tukaanza kutafuta. Juma likapita, la pili likaja. Ukaniambia, "Baba, hii kitu haiko. Tumezunguka hii msitu mpaka miti inatujua." Nikakujibu itaonekana tu.

Ilikuwa imeshaonekana. Niliiona siku ya tatu, chini ya mwarobaini ulio nyuma ya pampu ya zamani, ncha zake zikitazama juu. Wewe ulikuwa upande wa pili wa miti. Jana yake ulikuwa umeanza kunieleza kwamba unafikiria kusomea mifugo, ukakatizwa kwa sababu Gul alipiga honi. Nilisimama pale nikajua kwamba nikiinama na kuiokota tutaipeleka kwa arbab, atasema khalas, yaani imekwisha, na kuanzia kesho wewe utalala mpaka saa ya kuwalisha wanyama, kama kijana yeyote. Sikuinama. Nilipita. Na asubuhi zote zilizofuata nilikuongoza upande wa uzio unaotazama Al Warqa, upande ambao nilijua hauna kitu, nawe ukanieleza habari za chuo mpaka ukazimaliza, na habari nyingine nyingi ambazo sikuzitarajia.

Mwishowe uliiona mwenyewe ulipokwenda kufunga bomba. Majike walikuwa wameshazitafuna ncha mbili. Arbab aliigeuza mkononi akasema, "Mmechelewa," na wewe ukamwambia kosa ni lako, ulifanya uvivu kutafuta upande ule. Mimi nilisimama kando yako nikitazama zulia. Ilitundikwa hivyo hivyo ilivyoliwa, na kila nikiingia majlisi huwa sitazami upande huo. Zilikuwa asubuhi nzuri kuliko zote nilizopata katika nchi hii. Nimejaribu kuzijutia nimeshindwa. Ila zimenionyesha ninavyokuwa nikipata kitu ninachokitaka mno, nami nilipaswa kulijua hilo kabla arbab hajakuahidi nafasi.

Kwa hiyo tuje kwenye nafasi. Mimi nilikuja kwa mkataba wa miaka miwili. Kila nilipokwenda likizo arbab alinishika bega akasema, "Nenda, nafasi yako iko," na alikuwa mkweli, haikuwahi kukosa. Niliona ni bahati, na kila mtu aliniambia ni bahati. Unazikumbuka zile nguzo zilizoegemezwa ukuta wa jikoni kwetu Voi, ambazo mchwa walizila? Mwaka ule nilikuwa nimekata shauri kubaki. Mjomba wako alikuwa na eneo, mimi nilikuwa na nguzo na waya, tulikuwa tufuge mbuzi wa maziwa pamoja. Tukakosana juu ya mahali pa kuweka lango. Lango tu, Mwadime. Yeye alitaka litazame barabara, mimi nilitaka litazame nyumba. Mtu asiye na pa kwenda angerudi kesho yake, angebisha hodi, wangekunywa chai na kulimaliza. Mimi nikasema moyoni, kwani kitu gani, nina kazi Dubai. Nikaondoka kabla likizo haijaisha. Mjomba wako aliweka lango lake barabarani na mbuzi wake unawajua, wamejaa.

Na mama yako vilevile. Tukigombana sikuwahi kuhitaji kushindwa wala kuomba radhi. Nilihesabu siku zilizobaki, na yeye alijua nazihesabu. Chumba kile cha nyumbani kisichoezekwa, kinachoota majani ndani, nacho ni hivyo hivyo. Hakuna aliyenifukuza Voi. Nilikuwa tu na mahali pa kurudi kila jambo lilipokuwa gumu kidogo, kwa hiyo sikuwahi kukaa na jambo gumu mpaka likaisha. Naandika haya bila uchungu mwingi, yameshapita na nimeyazoea. Lakini nimekusikia wiki hii ukisema "halafu narudi" kwa sauti yangu kabisa, na hilo sikuweza kulizoea.

Kule chuoni utafeli kitu. Utakosana na mwalimu, au na mwenzako wa chumba, na mvua itanyesha wiki nzima viatu visikauke. Hayo si makubwa. Watu hupita humo kila mwaka. Lakini kama moyoni unajua kwamba shamba lipo, baba yupo, na kitanda kimetandikwa, jambo dogo kama hilo linatosha kukurudisha huku.

Najua pia huu ni mwaka gani. Winchi za ujenzi zimesimama tangu mwaka jana, na zile nyumba za Al Warqa ng'ambo ya uzio wetu zimeachwa na vyuma vimechomoza. Wenzako unaowaaga leo wamekalia mabegi yao wakingoja kampuni ziwarudishe kwao. Wakisikia kuna mtu amekataa kazi kwa niaba ya mwanawe watasema ameugua kichwa. Gul ameshasema.

Leo asubuhi arbab alikuwa majlisi peke yake anakunywa kahawa. Alidhani nimekuja kuomba gari la kukupeleka uwanja wa ndege.

"Gul atampeleka," akasema. "Yalla, kaa."

Nikakaa. Nikamwambia, kwa Kiarabu changu hiki cha shambani, kwamba ile nafasi ya mwanangu ampe mtu mwingine.

"Amekosa nini?"

"Hajakosa kitu, arbab."

"Basi aende, asome, arudi. Mimi nimemwahidi."

"Akijua iko atarudi kabla hajasoma."

Akaweka kikombe chini. Hakunielewa, na simlaumu. Kwake yeye mtoto anayerudi kwa babake ni mtoto mwema, na mimi ndiye niliyekuja na maneno ya ajabu. "Wewe humtaki hapa?" akauliza.

"Namtaka sana," nikasema. "Hiyo ndiyo shida."

Akauliza kama nimekwisha kukuambia, nikasema bado. Akauliza kama nakuogopa, nikasema ndiyo. Hapo akacheka kidogo, na nikaona ameanza kuelewa. "Khalas," akasema. "Kama ni neno lako, ni neno langu." Akaniuliza na mimi nitaondoka lini. Nikamwambia ukimaliza chuo. Akasema inshallah, vile anavyosema akiulizwa kama mvua itanyesha.

Gul ana mpwa wake huko huko Sonapur, kampuni yake imefungwa. Huenda leo umeketi naye mkanywa chai. Nilimwomba Gul asiseme kitu mpaka uondoke. Viza yako ikifutwa yake itaandikwa. Atahamia keshokutwa, atalala upande wa dirisha kwenye kitanda chako, na nitamfundisha kazi vizuri kwa sababu hana kosa lolote.

Utakasirika. Utasema baba za wenzako wanawatafutia watoto wao nafasi, na wako amechukua uliyopewa akaigawa bila kukuuliza. Ni kweli, sikukuuliza. Ningekuuliza ungenishinda kwa maneno mawili. Niandikie ukiwa bado na hasira, usingoje zipoe, nitasoma zote. Ukifeli niambie. Ukikosana na mjomba wako niambie, halafu kesho yake nenda ukabishe hodi. Likizo yangu ikifika nitakuja mimi, nami sitaahidi kukiezeka kile chumba, kwa sababu ahadi hiyo mama yako ameshaisikia mpaka amechoka.

Kesho getini nitakupa mkono na bahasha hii na kusema safari njema, basi, kwa sababu tutakuwa tunatazamana na unajua nilivyo. Usiisome mbele yangu.

Halafu usirudi, Mwadime. Nikikuona siku moja umesimama nje ya geti hili na begi mkononi, sitakugombeza wala kukukumbusha barua. Nitafungua, nitakupokea begi, na nitafurahi kuliko nilivyofurahi siku yoyote. Ndiyo maana nimehakikisha kitandani pako kuna mtu.

Baba yako